Shika Kushoto kwa Kichuguu

JALIA: Haloo? Ni nani?

RONNIE: Haloo! Haloo, nyabo! Wasibire, mama, umeshindaje! Unanisikia?

JALIA: Wasibire. Nakusikia kidogo kidogo, rezo iko mbaya. Ni nani?

RONNIE: Mimi ni mtu wa baisikeli. Nimetoa hii namba kwa mtandao, pale kwa ramani ya njia ya ziwa. Waliandika chini yake: ukipotea, piga.

JALIA: Mutu wa kinga.

RONNIE: Eeh?

JALIA: Kinga. Baisikeli. Huku kwetu Bwera, mpakani, tunasema kinga. Jina nani?

RONNIE: Ronnie. Ronnie wa Kasese, yule anayetembeza wageni. Labda umenisikia kwa redio —

JALIA: Nimekusikia. Ngoja kidogo. [anafunika simu] Nasifah, mutoto yangu! Kuja hapa dukani, mupimie yule mama kitenge chake. Ni yeye. Eh, yeye mwenyewe! Sauti hiyo ningeijua hata angeongea kutoka ndani ya pipa. [anafunua] Haloo, Ronnie. Sema. Mimi ndiye mwenye ile njia.

RONNIE: Mungu akubariki, mama! Niko hapa na wageni, wazungu, kikundi kizima. Wamekuja na baisikeli zao kwa ndege, zile za changarawe, usukani umepinda kama pembe za mbuzi. Tumetoka Kasese asubuhi, tukashuka Kikorongo, tukakata Katwe, mpaka ziwa likaja. Nyabo, ziwa lile! Maji kushoto, milima kulia, kokoto inalia chini ya tairi. Walikuwa wanapiga kelele kama watoto wa shule siku ya kufunga.

JALIA: Na sasa?

RONNIE: Sasa wamenyamaza.

JALIA: Ah. Kwa nini?

RONNIE: Maji yameisha kwa chupa. Jua limeinama. Na mstari kwa simu umeacha ziwa, umeingia porini. Sioni nyumba, sioni mbuzi, naona mavi ya kiboko tu. Nyabo, hii njia ni ya kweli?

JALIA: Unaniuliza mimi? Kwa mtandao nimeona inaitwa Mzunguko wa Ronnie.

RONNIE: Ah. Ile…

JALIA: Mimi niliipandisha pale ikiitwa Njia ya Ziwa. Siku kidogo tu zikapita, naikuta na jina lako, na picha yako juu, umevaa ile kofia kama yai.

RONNIE: Ni mambo ya biashara, mama. Wote wanafanya hivyo. Njia ni ya watu wote.

JALIA: Ya watu wote, na jina la mutu moja.

RONNIE: Nikifika nitaweka na jina lako. Kweli kabisa. Kwa sasa nisaidie tu.

JALIA: Hujawahi kupita hapo mwenyewe?

RONNIE: Nimepita nusu.

JALIA: Nusu gani?

RONNIE: Ile ya mwanzo.

JALIA: [anacheka] Ile ya lami!

RONNIE: Nyabo, usinicheke, nakuomba. Iko mama mmoja kati ya hawa, ndiye anapanga safari za wenzake huko kwao. Leo ndiyo mtihani wangu. Akifurahi, mwaka mzima nina kazi. Akikasirika, narudi kukaanga chapati stendi ya Kasese. Na sasa hivi anauliza kila dakika, anauliza kwa upole, ule upole wa —

JALIA: Ule wa mutu ambaye amekwisha kuamua.

RONNIE: Huo huo.

JALIA: Basi tusimuchokeshe. Unaona nini mbele?

RONNIE: Shamba la pamba. Limeachwa, majani yamelimeza.

JALIA: Pita katikati. Mwisho wa pamba iko kakorongo, hakana maji. Mushuke, mubebe baisikeli begani.

RONNIE: Wageni wabebe baisikeli?

JALIA: Batu ya Kyarumba wanabeba gunia ya kahawa kwa kichwa kila siku, na hakuna mutu anawapiga picha. Babebe.

RONNIE: Kale, kale, sawa. [kwa mbali, sauti yake ikiita kwa Kiingereza, minyororo inagonga mawe] Wanabeba. Mmoja ameanguka. Hapana, amesimama, anacheka. Mungu wangu, hawa watu wanapenda shida.

JALIA: Wanapenda shida yenye mwisho.

RONNIE: Umesema nini? Netiweki —

JALIA: Nimesema endelea. Mukipanda ng'ambo, utaona kichuguu kikubwa, kirefu kuliko mutu. Hapo simama, uniambie.

RONNIE: Usikate simu, mama.

JALIA: Mimi? Nikate? [rezo inakwaruza] Simu hii nimeingoja kama mvua.

RONNIE: Haloo? Haloo? Umepotea, umerudi. Nimekiona kichuguu. Hapa njia imegawanyika. Mstari wa simu unasema kushoto. Lakini ya kulia ndiyo imekanyagwa, naona alama za matairi, naona hata ganda la ndizi. Ipi?

JALIA: Subiri. [anafunika simu] Nasifah, amefika kwa kichuguu. Akishika kulia, jua halijazama atakuwa hapa kwetu anakunywa chai. Akishika kushoto ataangukia kwa bariyeri ya askari. Usinishike mukono, niache. Nataka kumuuliza jambo moja. Moja tu. Akijibu vizuri, naapa nitamuleta kulia. [anafunua] Ronnie.

RONNIE: Niko, mama.

JALIA: Kabla sijakuelekeza. Njia za huku, hizi zote ambazo umezichora, za Nyakiyumbu, za milimani, za kando ya mto. Nani alikuonyesha?

RONNIE: Nani alinionyesha?

JALIA: Mara ya kwanza kabisa. Mutu hazaliwi anazijua.

RONNIE: Ni mimi mwenyewe, nyabo. Nilizunguka, nikatafuta. Hata kwa redio nilisema: njia hizi nimezizindua mimi.

JALIA: Hakuna mutu alikutangulia? Fikiri.

RONNIE: Hakuna. Watu wa huku, bila kukuvunjia heshima, wanapita tu. Hawajui kama wanapita kwa kitu chenye mandhari. Ramani hata wakiiona wanaishika kichwa chini miguu juu. Lazima mtu aje awafungue macho.

JALIA: Hakuna mutu. Hata mmoja.

RONNIE: Hata mmoja, mama. Sasa niende wapi? Wageni wanaangalia saa.

JALIA: [anafunika simu] Nasifah, umesikia mwenyewe.

RONNIE: Haloo?

JALIA: [anafunua] Shika kushoto.

RONNIE: Una hakika? Hii ya kulia —

JALIA: Nani mwenye njia, wewe ama mimi?

RONNIE: Wewe, wewe. Kushoto! [anawaita wageni, kokoto inaanza kulia tena] Eeh, imekuwa nzuri hii! Imefagiwa kabisa, kama uwanja wa kanisa. Nani anafagia njia porini?

JALIA: Batu wenye muda. Pedali polepole, usikate, nikupe hadithi ufupishe safari.

RONNIE: Hadithi sasa, nyabo?

JALIA: Kulikuwa na mutu. Alibeba maharagwe na kahawa kwa kinga, kutoka Kyarumba kuteremka mpaka sokoni. Gunia nyuma, gunia katikati, yeye anasukuma, anaimba. Njia zote alizijua kwa nyayo. Alijua ipi inateleza mvua ikinyesha, alijua mahali nyuki wanakaa. Siku moja akaja kijana wa mjini na simu ya kuchora njia.

RONNIE: Mm.

JALIA: Wakazunguka pamoja. Huyo kijana alilala kwa nyumba ya dada ya yule mutu. Alikula kwa sahani ya yule dada. Sombe, yale majani ya muhogo, ikamupendeza, akaomba tena, na tena, mpaka sufuria ikakwaruzwa.

RONNIE: Nyabo…

JALIA: Usisimame. Pedali. Siku ya tatu matako ikamuuma, yule kijana. Akasema: kaka, mimi napumzika hapa kwa duka, wewe funga simu yangu kwa usukani, zunguka na zile za kando ya mto, zijichore zenyewe. Na yule mutu, kwa sababu ni mutu wa kupenda watu, akasema: kazi ndogo hiyo.

RONNIE: Wewe ni nani?

JALIA: Ulikuwa wakati wa wasiwasi, mpaka umefungwa, askari hawalali. Wakamukamata kando ya mto. Wakafungua simu, wakakuta mistari, kila njia ya siri inayoingia na kutoka. Wakamuuliza: nani amekutuma kuwachorea adui? Akasema: hapana, afande, ni ya kutembeza wageni, simu si yangu, muulize mwenyewe.

RONNIE: Nasema wewe ni nani?

JALIA: Na unajua desturi ya huku, Ronnie. Mutu akikamatwa kwa njia ya kando, askari haanzi na karatasi. Anauliza: nani anakujua? Unataja mutu, anapigiwa. Mutu akisema, namujua, ni wetu, unaenda zako nyumbani. Hivyo ndivyo tunaishi huku, kila siku, toka zamani. Neno moja tu. Namujua. Halina hata ushuru.

RONNIE: [kokoto inanyamaza] Jalia.

JALIA: Asante. Nilidhani umenisahau kama ulivyosahau sahani.

RONNIE: Dada Jalia, sikiliza. Ile siku mimi —

JALIA: Nilikuwa pale. Nimesimama kwa lango na chakula chake kwa kitambaa, askari amefungua spika ndiyo wote wasikie. Wewe uliondoka dukani kwangu mara tu uliposikia amekamatwa, ulipanda bodaboda hata viatu hujafunga. Akakupigia. Ukapokea. Unakumbuka ulisema nini?

RONNIE: Niliogopa. Wewe ungekuwa mimi —

JALIA: Nimeuliza ulisema nini.

RONNIE: Sikumbuki. Kweli, dada, sikumbuki. Nilisema nini?

JALIA: Unaniuliza mimi?

RONNIE: Walimwachilia! Nilisikia walimwachilia!

JALIA: Walimwachilia baada ya misimu miwili ya mvua. Mguu mmoja unaangalia mbele, mwingine unaangalia upande wake. Kinga yake ilikuwa imetundikwa kwa ukuta mpaka mimi niliposhusha. Mimi, Ronnie, mama mzima, nimefunga kitenge kiunoni, simu kwa kifua, napedali kando ya ziwa peke yangu. Wavuvi walicheka mpaka wakaangusha nyavu. Nilianguka kwa matope ya viboko, nikalia, nikapanda tena. Nilichora mstari mzuri, si ndiyo? Umeusifu mwenyewe. Maji kushoto, milima kulia.

RONNIE: Ulinitega.

JALIA: Nimekutega na nini? Nilikuita? Nilichora njia, nikaiacha pale, nikajua kitu kimoja tu: kitu cha mutu kikilala bila kufungwa, mukono wako utakifikia. Ungechora za kwako usingefika hapo. Ungepita kwanza peke yako kabla ya kuleta wageni, kama kiongozi yeyote mwenye akili, usingefika hapo.

RONNIE: Mbele kuna nini? Jalia! Kwa nini njia imefagiwa? Mbele kuna nini?

JALIA: Kambi ya askari ilikuwa juu, kwa barabara kubwa. Waliiteremsha chini. Nyinyi wa Kasese hamkuambiwa.

RONNIE: Geuka! Geukeni wote! [kwa Kiingereza, kwa sauti ya juu, tairi zinakwaruza, mtu anaanguka] Dada, kuna mwanamke ana umri wa mama yako hapa, hana maji —

JALIA: Wageni hawataguswa. Watakalishwa kivulini, watapewa maji na chai, watapigiwa simu ubalozi wao, kesho watakuwa na hadithi tamu ya kupeleka kwao. Muzungu akipita na kinga, hiyo ni mandhari. Ndugu yangu Aziz akipita na kinga ile ile, njia ile ile, hiyo ni magendo, hiyo ni adui. Sisi tulikanyaga hizo njia mpaka zikawa njia. Bibi zetu walizikanyaga na mizigo kwa kichwa. Mwaka wa kwanza mukaja kutufukuza tusipite, mwaka wa pili mukaja kuuza tulipopita. Na wewe, mutoto wa huku huku, unaenda kwa redio kusema umezizindua!

RONNIE: Nitasema! Nitaenda kwa redio kesho, nitasema jina lake, nitasema Aziz ndiye —

JALIA: Nilikupa nafasi pale kwa kichuguu. Mara tatu nilikuuliza.

RONNIE: Sikujua ni wewe!

JALIA: Ndiyo maana niliuliza.

SAUTI (kwa mbali): Wewe! Simama hapo! Simama!

RONNIE: Mungu wangu. Jalia. Jalia, usikate.

JALIA: Sikati.

SAUTI: Baisikeli chini! Chini! Mikono naiona wote! Nani iko mkubwa wenu?

RONNIE: [sauti imekuwa ndogo] Ni mimi, afande. Tumepotea tu, afande. Hawa ni wageni, ni watalii.

SAUTI: Hapa hakuna utalii. Hii njia inaenda mtoni. Nani aliwapa hii njia?

RONNIE: Ni kwa simu, afande. Iko kwa mtandao, kila mtu anaiona.

SAUTI: Lete. Fungua. [anasoma] Imeandikwa hapa: Mzunguko wa Ronnie. Ronnie iko nani?

RONNIE: Ni mimi, afande, lakini —

SAUTI: Basi njia ni yako.

RONNIE: Hapana, afande! Si yangu! Jina tu ndiyo langu!

SAUTI: Picha ni ya nani?

RONNIE: Ni yangu.

SAUTI: Jina lako, picha yako, lakini njia si yako. Sawa. Na hii ingine? Kando ya mto? Na hii? Wewe umechora mpaka wote! Nani anakujua hapa?

RONNIE: Huyu! Huyu hapa kwa simu, afande! Huyu mama wa Bwera ananijua vizuri kabisa! Muulize, afande, nakuomba, muulize!

[simu inaingia mkononi mwa askari yule yule; upepo; mtu anapumua]

AFANDE: Haloo. Ni nani?

JALIA: Shikamoo, afande. Mimi ni mama wa duka tu. Nauza vitenge, hapa Bwera.

AFANDE: Mama, hapa iko mtu na ramani ya njia za mpaka. Anasema unamjua.

RONNIE (kwa mbali): Dada Jalia! Nilikula kwako! Mwambie nilikula kwako! Mwambie Aziz ndiye alinionyesha, Aziz ndiye alinishika mkono, njia zote ni za Aziz —

[fimbo inagonga sakafu ya duka, polepole, inakaribia]

AZIZ (mlangoni): Dada? Nani anaita jina langu kwa simu?

AFANDE: Mama. Sina siku nzima. Unamjua, ama humjui?

JALIA: [anamgeuzia Aziz mgongo]

AFANDE: Haloo?

JALIA: Namba ya makosa, afande. Kazi njema.

AFANDE: Asante, mama. Wewe! Inuka!

[simu inakatika]

AZIZ: Dada.

JALIA: Mm.

AZIZ: Hayo maneno nimewahi kuyasikia.

JALIA: Eh.

AZIZ: Hivyo hivyo. Mpaka na ile "kazi njema".

JALIA: Kaa chini, Aziz. Usisimamie huo mguu. Nasifah, acha kulia, unatoa machozi mbele ya wateja? Muletee kiti. Nimepika sombe.

AZIZ: Ni Ronnie? Ungesema tu unamjua, dada. Mimi ningesema.

JALIA: Najua wewe ungesema. Ndiyo maana simu iko kwangu.

[simu inaita]

AZIZ: Inaita tena. Ni wao. Pokea.

JALIA: Inite imeisha, salio sina.

AZIZ: Kupokea hakuhitaji inite.

JALIA: Najua.